Sahani ya fedha ya mfalme wa Uajemi: mbele picha imenyanyuka, nyuma ni laini. Ilifuliwa au ilisubiwa?

Swali: Najifunza usonara hapa Mombasa. Nimeona picha za sahani ya fedha ya Kiajemi ya zamani: mfalme yuko juu ya farasi, anawinda kondoo wa mwitu. Mfalme na wanyama wamenyanyuka kabisa usoni mwa sahani, lakini mgongoni ni laini, hakuna hata bonde moja. Fundi wangu anasema ni kazi ya kusubu, yaani kumimina fedha iliyoyeyuka kwenye kalibu. Mimi nasema ni ya nyundo. Nani yuko sahihi? Na nikitaka kuijaribu, nianzie wapi?

Jibu: Wewe umekaribia zaidi, ingawa fundi wako naye hakusema ovyo, na nitamtetea huko chini. Sahani yenyewe imefuliwa kwa nyundo. Lakini mfalme, farasi na kondoo hawakututumuliwa kutoka nyuma, wala hawakusubiwa pamoja na sahani. Sehemu zao nene zilikatwa na kufuliwa kando, zikapachikwa usoni mwa sahani, zikabanwa kwa pindo jembamba la fedha lililonyanyuliwa kwa tindo kwenye sahani hiyohiyo. Hakuna lehemu hapo. Ndiyo maana mgongo hauna habari na yaliyotendeka mbele.

Kwa maelezo yako, uliyoiona inaelekea kuwa sahani ya Makumbusho ya Metropolitan, New York. Mfalme wake ni Peroz au Kavad I wa ukoo wa Wasasani, waliotawala Uajemi kuanzia mwaka 224 hadi 651. Ina upana wa sentimita 21.9 na kimo cha sentimita 4.6 tu, ukiiweka mezani haipiti ukubwa wa sahani ya wali. Ukipata picha kubwa, pitisha jicho taratibu ukingoni mwa mwili wa mnyama mmoja. Mwili umetuna, na kwenye mzunguko wake kuna mstari mwembamba unaoandamana na umbo. Huo mstari ndio pindo. Vitu vyembamba, kama hatamu na tepe zinazopepea nyuma ya mfalme, havihitaji kupachikwa. Vinachorwa moja kwa moja kwenye sahani. Mambo haya yalithibitishwa kwa eksirei na vipimo vya maabara, na matokeo ya watafiti Prudence Harper na Pieter Meyers yalichapishwa mwaka 1981. Kwenye sahani kadhaa za aina hii vipande vimeng'oka na kupotea, na pamebaki umbo tupu la mnyama lililozungukwa na pindo lililo wazi. Kwa anayejifunza, sahani hizo zilizoharibika zinafundisha kuliko zile nzima.

Sasa kazi yenyewe. Jaribu kwanza kwa shaba nyekundu ya unene wa milimita 2, mpaka mkono uzoee pindo. Ukihamia kwenye fedha, hesabu yake ni hii.

Fedha ya Wasasani ilikuwa safi sana, mara nyingi karibu na asilimia 95, iliyobaki shaba. Kwa sahani ya sentimita 22 chukua gramu 570 za fedha na gramu 30 za shaba. Usiyeyushe reale za zamani za Maria Theresa kwa kazi hii: zina fedha asilimia 83.3 tu, zinakuwa ngumu upesi chini ya nyundo, na kila ukizitia moto zinatoa wekundu wa shaba ambao hauishi. Zinafaa ala ya jambia, hazifai sahani ya kufuliwa mpaka ikawa nyembamba. Fedha ya 925 ya dukani inakubali.

Mimina gramu zako 600 kwenye kalibu ya wazi ili upate kidonge cha duara chenye upana wa sentimita 12 na unene wa milimita 5 na kidogo. Kabla ya kumimina, funika uso wa fedha iliyoyeyuka kwa unga wa mkaa na boraksi. Fedha ikiwa maji hunywa oksijeni nyingi, hata mara 20 ya ujazo wake, na ikiganda huitema. Usipoifunika itatema ndani ya kalibu, itabaki na matundu, na kila tundu litageuka gamba linalobanduka ukishafika kwenye unene wa milimita 2. Kosa hili halionekani mwanzoni. Linajitokeza baada ya siku tatu za kupiga nyundo, na hapo dawa yake ni kuyeyusha upya.

Fua kutoka katikati kwenda nje, kwa mzunguko kama wa konokono. Ukisikia sauti ya nyundo imebadilika, imekuwa kali na inalia, simama: fedha imekaza. Itie moto nyuzi 600 hadi 650 za Selsiasi, yaani wekundu hafifu unaoonekana ukiwa kivulini tu. Fundi anayefanya kazi hii juani huipitisha moto bila kujua, kwa sababu wekundu ule jua linaumeza. Acha wekundu upotee, tia majini, kisha safisha kwa asidi hafifu. Ndimu na chumvi vinafanya kazi pia, ila polepole. Jiandae kurudia mzunguko huu mara 15 au zaidi. Ufa ukitokea ukingoni, usiupige ukidhani utafunga. Ukate kwa tupa mpaka mwisho wake siku hiyohiyo, maana ufa wa ukingoni hukimbilia katikati.

Unachotafuta ni sahani yenye kina cha sentimita 3 hadi 4, katikati ikiwa na unene wa milimita 2, pembeni milimita 1.2 hivi. Unene wa katikati ndio roho ya kazi nzima, kwa sababu hapo ndipo tindo litaingia. Ukipunguza ukafika milimita 1, tindo litatokea upande wa pili.

Kabla hujagusa picha, weka kitako. Ni mkanda wa fedha wa kimo cha sentimita 1, uliokunjwa duara na kulehemiwa chini ya sahani. Uweke mapema kwa kuwa lehemu ngumu inataka joto la karibu nyuzi 780 au zaidi, na hutaki joto hilo lifike kwenye vipande vilivyobanwa tu. Wasasani baada ya hapo waliitia sahani kwenye keezo na kuisawazisha. Ukitazama mgongo wa sahani zao utakuta nukta ndogo katikati na michirizi ya duara, kama ile anayoiacha seremala anapokereza mguu wa kitanda.

Sasa pindo. Laza sahani juu ya lami iliyochanganywa na unga wa tofali, ili mgongo usiumie. Chora umbo la mnyama. Weka makali ya tindo ndani kidogo ya mstari, ulilaze mpaka libaki na mwinuko wa nyuzi 30 hivi, uelekeze pigo nje, lizame kama nusu milimita. Fedha itanyanyuka kwenye mstari kama ukucha. Endelea hatua kwa hatua hadi ukucha uzunguke umbo lote. Ukikosea mahali, usiulaze na kuuinua tena. Ukishapinda mara mbili unakatika. Ni afadhali ukipanue kipande kidogo kifiche kosa.

Kipande chenyewe kikate kwenye bamba la milimita 0.8. Kitutumue kwenye lami kutoka nyuma mpaka kipate mwinuko wa milimita 4 au 5, kigeuze, uchore manyoya, misuli na jicho kutoka mbele. Chonga kingo zake kwa tupa ziwe na mteremko mwembamba. Kikae ndani ya pindo kwa kukaza, kisicheze hata kabla ya kubanwa. Halafu laza pindo kwa nyundo ndogo na tindo butu, ukianza juu, kisha chini, kisha kushoto na kulia, kama unavyofunga nati za gurudumu. Ukianza upande mmoja ukazunguka, kipande kitasogea na upande wa mwisho hautafunga.

Kuna kosa moja linalowapata wengi hapa. Nyuma ya kipande kuna uwazi. Maji au asidi ikibaki humo, ukiitia sahani moto tena mvuke unasukuma kipande nje na pindo linafunguka. Kausha kila kitu kabisa kabla ya kupachika, na baada ya kupachika usitumbukize sahani kwenye asidi tena. Ipanguse tu kwa kitambaa.

Kwa nini hawakulehemu, ilhali walijua kulehemu vizuri? Sahani pana ni ngumu kuipasha joto sawasawa. Ukipata joto la kuyeyusha lehemu chini ya farasi, ukingo unapinda na kitako kinalegea, na nafasi iliyopo kati ya lehemu kuyeyuka na sahani yenyewe kuanza kuyeyuka ni finyu. Pindo halihitaji moto wowote. Mimi naona ni akili kubwa kuliko lehemu, na linampa sonara uhuru wa kurekebisha kila kipande mkononi mpaka aridhike.

Rangi nazo zina mpangilio, kwa kufuata joto. Nielo, ile nyeusi, inatangulia. Ni fedha iliyoungana na salfa, kiberiti cha manjano. Kwa kila gramu 10 za unga wa fedha, gramu 1.5 za salfa zinaungana. Weka 2 kwa sababu nyingine huungua. Pasha nje penye upepo, saga, shindilia unga kwenye mifereji uliyoichimba kina cha milimita 0.4, kisha pasha taratibu kuelekea nyuzi 600 huku ukiikandamiza kwa chuma laini. Nielo hii ya fedha tupu haimiminiki. Inalainika kama nta ngumu, na ukilazimisha iyeyuke inaharibika. Mapishi ya karne za baadaye yana risasi na shaba, yanatiririka kirahisi. Lakini risasi ikizidi moto inakula fedha na kukuachia shimo.

Dhahabu inafuata. Wasasani walichanganya dhahabu na zebaki hadi ikawa kama siagi, wakaipaka pale tu walipotaka, kisha wakaipasha. Zebaki huchemka nyuzi 357, inapaa, dhahabu inabaki imeshikamana na fedha, nayo husuguliwa kwa jiwe la akiki hadi ing'ae. Kwenye sahani nyingine picha ndiyo ya dhahabu na uwanja umebaki mweupe. Kwenye mabirika mengi yenye picha za wanawake wanaocheza ni kinyume chake. Tafadhali usiifanye njia hii. Mvuke wa zebaki hauna harufu, unaingia mapafuni na kuharibu neva na figo, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita wanayajua madhara yake kuliko mtu yeyote wa dukani. Kuna njia mbili zilizo salama zaidi. Moja ni kumpelekea fundi wa kuchovya kwa umeme mwenye vifaa vyake, ukiwa umefunika kwa rangi ya kucha sehemu zote zinazotakiwa kubaki nyeupe. Ya pili ni ya Waajemi wa kale zaidi: chimba mfereji mwembamba kuzunguka umbo, tandaza karatasi nyembamba ya dhahabu, ingiza kingo zake mferejini, laza mfereji ufunge, sugua kwa akiki. Haihitaji zebaki wala moto.

Hapo ndipo nimtetee fundi wako. Waajemi hao wa kale, Waakemeni, ukoo wa Koreshi na Dario, walitawala takriban miaka 550 hadi 330 kabla ya Kristo, na kwao kusubu kulikuwa na nafasi kubwa. Mikono ya mitungi yenye umbo la mbuzi na vichwa vya wanyama vya kubandika vilifaa kusubiwa kwa njia ya nta. Bakuli zao zilifuliwa kwa bamba moja, na matuta yake yenye umbo la ua yanaonekana pande zote mbili, ndani na nje. Kwa hiyo kanuni ya kukagua ni rahisi: tuta likionekana pande zote mbili, ni nyundo, picha ikinyanyuka mbele na nyuma pakiwa laini, tafuta pindo kabla ya kusema ni kalibu.

Kuna chombo kimoja cha Waakemeni ambacho kila sonara angepaswa kukitazama, nacho kiko Metropolitan pia: pembe ya kunywea ya dhahabu, kimo sentimita 17, inayoishia kwa simba mwenye mabawa aliyeachama. Imeundwa kwa vipande kadhaa vilivyolehemiwa hivi kwamba viungo havionekani. Karibu na mdomo wake kuna safu 44 za waya uliosokotwa, jumla mita 40 na zaidi za waya, zote zimelala sawa. Paa la kinywa cha simba, mahali ambapo hakuna atakayetazama isipokuwa anayeinua pembe kunywa, limetiwa mbavu ndogondogo. Nani alifanya kazi kama hiyo? Maandishi ya Dario ya kujenga jumba lake Susa yanajibu kwa sehemu: dhahabu ilitoka Sardi na Baktria, feruzi Khwarezm, akiki Sogdiana, pembe za ndovu Kushi na Bara Hindi, na masonara walikuwa Wamedi na Wamisri. Mapambo ya mwili tunayo mifano michache mizuri. Kaburi lililofunguliwa Susa mwaka 1901 lilitoa mkufu na vikuku vyenye vichwa vya simba, vimejazwa feruzi na mawe ya buluu, pamoja na mkufu wa lulu, viko makumbusho ya Louvre, Paris. Vikuku vikubwa vya Hazina ya Oxus, akiba ya vyombo vya Waakemeni iliyookotwa karibu na mto huo wa Asia ya Kati, vyenye vichwa vya ndege-simba, viko London, na visanduku vyake vingi vya mawe vimebaki vitupu. Mawe yalishikwa kwa gundi tu, na gundi haikudumu. Ukitaka mawe yako yakae, kunja ukingo wa kisanduku juu ya jiwe kidogo, hata nusu milimita.

Walioisoma Esta katika Biblia wanakumbuka karamu ya Ahasuero: divai kwenye vyombo vya dhahabu, kila kimoja tofauti na mwenzake. Na waliosoma sira wanajua habari ya vikuku vya Kisra, mfalme wa Uajemi, alivyovishwa Suraqa bin Malik, na hadithi ya sahaba Hudhaifa akiwa Madain, aliyeletewa maji katika chombo cha fedha akakirusha na kukumbusha katazo la Mtume. Madain hiyo ndiyo Ctesiphon, mji wa Wasasani, iliyotekwa mwaka 637. Karne 10 kabla yake, Aleksanda alichukua Persepolis hazina ambayo mwandishi Diodoro anaikadiria talanta 120,000 za fedha. Nyingi ya hiyo iliishia kwenye sarafu.

Kwa Waajemi chombo cha fedha kilikuwa akiba. Kilipimwa kama pesa zinavyopimwa, na kikihitajika kilikatwa au kuyeyushwa. Vilivyobaki ni vile vilivyofukiwa, vilivyozikwa na wenyewe au vilivyouzwa mbali. Sahani nyingi za Wasasani zimeokotwa kwenye misitu ya Perm, Urusi, walikozipeleka wafanyabiashara kubadilishana na ngozi za manyoya. Nyingi ziko makumbusho ya Hermitage, St. Petersburg.

Uhaba huo umezaa sahani nyingi za bandia. Ukiletewa moja kuitathmini, usiishie kwenye picha. Fedha ya kale ilisafishwa kwa risasi, hivyo ina chembe za risasi na dhahabu ndani yake. Iliyo safi asilimia 99.9 imetoka kiwandani. Lehemu yenye kadimiamu ni ya juzi. Na "pindo" lililochorwa tu bila kipande kilichopachikwa ndani ni dalili kwamba aliyeighushi aliiona picha, hakuwahi kuishika sahani.

Sahani yako ikiisha, ipime, kisha geuza kitako. Hapo Wasasani waliandika kwa nukta ndogo zilizogongwa kwa msumari jina la mwenye chombo na uzito wake kwa drahm, sarafu yao ya fedha, ile iliyozaa neno letu dirhamu, yenye gramu 4 na kidogo. Gramu 600 ni kama drahm 146. Gonga nukta zako kabla ya kumkabidhi mteja, kwa sababu kipande kikija kung'oka miaka ijayo, tofauti ya uzito ndiyo itakayomwambia fundi mwingine ni kiasi gani cha fedha kimepotea.